Jina Lililoitwa Mara Tatu

Alder Creek, Montana
6 Aprili 2018

Dada Oleta,

Theluji ya huku bado imekaa mlangoni kama mgeni asiyejua kuaga. Mimi ni mzima. Kambi ninayoilinda haina watu mpaka Juni, kwa hiyo ni mimi, mbwa wangu mzee, na mabomba yanayopasuka kwa baridi. Goti linanisumbua, lakini hilo nadhani umeshaliombea. Natumaini sukari yako imetulia na mbegu za nyanya umeshazipanda kwenye makopo pale dirishani. Nisalimie wajukuu, hata yule anayeniita Mjomba wa Kwenye Picha.

Sasa neno lenyewe. Hollis Cundiff, yule aliyesukuma mapipa na Baba miaka yote ile, ameniandikia. Anasema mwezi wa tisa kiwanda kinatoa wiski mpya, wameiita Ghala la Tisa. Si bourbon yao ya kila siku, ile wiski ya mahindi. Mahindi yamepunguzwa, na rai, ile nafaka yenye ukali, imepandishwa mpaka thelathini na tano kwa mia. Ilipikwa mara moja tu, mwaka 2007, halafu mpishi wake akastaafu na hakuna aliyerudia. Mapipa yake yaliingizwa ghalani wiki ya mwisho ya Mei. Baba alikufa tarehe tisa Juni. Hesabu mwenyewe ni mikono ya nani iliyoyasukuma.

Nakuomba uitafute chupa moja. Usinitumie. Ifungue, uonje, kisha uniandikie ladha yake. Usiniulize kwa nini sionji mwenyewe.

Najua ninayemwomba ni nani. Ndiyo maana nimeandika barua. Kwenye simu tungekuwa tumeshagombana kabla ya kujuliana hali.

Mdogo wako,
Verlin

*

Tanner's Fork, Kentucky
25 Aprili 2018

Mdogo wangu Verlin,

Bwana ametuamsha tena, na mimi nakuandikia kwenye meza ile ile ya Mama, upande ule ulioungua kwa pasi. Sukari imepanda kidogo kwa sababu ya Pasaka, lakini sikujuta, maana nyama ya nguruwe ya chumvi ilitoka vizuri mwaka huu. Paa la kibarazani linavuja. Wajukuu wanakua kama magugu.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Verlin! Nina miaka hamsini na minane, sijawahi kutia kitu hicho mdomoni. Hata dawa ya kikohozi nasoma kwanza maandishi ya chupa. Nawafundisha watoto wa watu kila Jumapili. Na wewe, kati ya madada wote wa dunia, unamtuma huyu?

Halafu nikakumbuka lile koti la Baba. Unalikumbuka? La turubai, la kahawia, Mama alimlazimisha alivue kibarazani, eti harufu ya ghala isiingie nyumba ya Wabaptisti. Zaidi ya miaka arobaini limening'inia nje kwenye msumari kama mbwa aliyefanya kosa. Tulikula kwa wiski, tukavaa kwa wiski, tukasomeshwa nayo, lakini haikuruhusiwa kuvuka kizingiti. Hata yeye mwenyewe kanisani alikaa benchi la nyuma kabisa, na ushemasi hawakumpa mpaka anakufa.

Basi nitaitafuta. Kuonja sijasema.

Kitanda chako nimekitandika shuka mpya. Sisemi kitu, nasema tu kimetandikwa. Kuna jambo jingine ~~nimel~~ lakini nimelifuta, lisikusumbue.

Dada yako akupendaye,
Oleta

*

Alder Creek
30 Mei 2018

Dada,

Huku sasa ni matope tu, na dubu mmoja amevunja pipa la takataka. Goti limepoa.

Pale ulipofuta nilipashika kwenye mwanga wa dirisha. Sikuona kitu. Umefuta kwa bidii.

Nikufundishe kuonja, maana utakunywa kama dawa na kulia. Chukua kidogo, kama kijiko. Fungua mdomo kidogo unaponusa, usivute kwa pua peke yake, itakuchoma. Ukishaitia mdomoni, itafune. Ndiyo, itafune kama mkate, izunguke kila mahali, ndipo umeze. Baba alivyosema, mkupuo wa kwanza ni wa kuuzoesha ulimi, wa pili ndio wa kusikiliza.

Unajua nakumbuka nini? Lile pipa Baba analivingirisha kutoka mlangoni mpaka mwisho wa safu, na likisimama, kizibo kiko juu, saa sita kamili. Kisipokuwa juu linavuja. Alikuwa analitazama tu mwanzoni, analigeuza kidogo, anajua litamalizikaje. Nilijaribu siku moja nikiwa na miaka kumi na minne. Langu lilisimama kizibo chini. Akacheka, akasema, "Haya, kalianze upya toka mlangoni."

Ombi moja tu. Jambo hili lisifike kwenye maombi ya Jumatano.

Verlin

*

Tanner's Fork
18 Septemba 2018

Mdogo wangu,

Neema na amani. Kiangazi kimetuacha na nyanya za kopo arobaini na maharagwe mabichi nisiyojua nimpe nani. Mchungaji amefanyiwa upasuaji wa mgongo, anahubiri amekaa. Paa bado linavuja.

Kuhusu ile shughuli yako. Nilianza na duka la njia kuu, kijana wa kaunta akanicheka: "Mama, hiyo watu wanaiota tu." La pili wakaniambia walipata chupa tatu na zote zimekwenda kwa marafiki wa mwenye duka. Mwisho nikaenda kwa Ramona, mwenye duka la pombe kule ng'ambo ya mpaka wa kaunti. Yeye alipata chupa kumi na mbili, akaamua zipigiwe kura Jumamosi ya tarehe kumi na tano, watu waandike majina kwenye karatasi, yatiwe kwenye pipa dogo.

Verlin, watu walikuwa mia tatu! Walikuja na viti vya kukunja tangu alfajiri, na mablanketi, na biskuti za soseji. Mmoja alitoka Ohio. Niliegesha gari nyuma ya duka la mbolea nikatembea, na nilivaa miwani ya jua na mawingu yametanda. Mbele yangu watu kama sita nikaona mgongo ninaoujua, mwenye kofia imeshushwa mpaka masikioni. Shemasi Estill Maddox! Akageuka, akaniona. Nikatazama mawingu. Yeye akatazama kiatu chake. Tukakaa hivyo saa mbili, mimi na mawingu, yeye na kiatu.

Basi, jina letu halikutoka. Ndiyo hivyo. Nisamehe, nilijaribu.

Dada yako,
Oleta

*

Alder Creek
4 Oktoba 2018

Oleta,

Hollis amenipigia simu. Alikuwa anacheka, akadhani nami nitacheka. Anasema jina langu liliitwa kwa Ramona mara tatu kwa kipaza sauti.

Mimi sikuwa Kentucky tarehe kumi na tano. Kwa hiyo kuna mtu aliliandika.

V.

*

Tanner's Fork
10 Oktoba 2018

Verlin mdogo wangu,

Leo sina habari za nyumbani. Zipo, lakini nikianza nazo nitajificha nyuma yake, na nimejificha vya kutosha.

Ni mimi niliyeandika jina lako.

Nilipofika mezani, binti wa Ramona akanipa kalamu. Nikamuuliza, "Majina yanasomwa hadharani?" Akasema, "Ndiyo, bibi, kwa kipaza sauti, ndiyo raha yenyewe." Nikaona jina langu likiruka juu ya vichwa vya watu mia tatu, nusu yao wanajua benchi langu kanisani. Nikajiambia, chupa si ni ya Verlin? Mimi si tarishi tu? Nikaandika Verlin Tichenor, kwa herufi nzuri.

La tisa kutoka lilikuwa ni lako.

Ramona akaita. Sikuitika, maana nilipokwisha kuandika ndipo nilipoona ubao pale mlangoni: aliyeandikwa awepo, na leseni ya udereva mkononi. Akaita mara ya pili. Mtu mmoja nyuma akasema, "Tichenor? Si yule tuliyemwombea?" Mwingine akadakia, "Ehe! Kumbe maombi hayakufika Montana!" Na wa tatu, mwanamke, simtaji, akasema, "Mwili ameuhamisha, kiu ameiacha foleni." Watu wakavunjika mbavu. Ramona akaita mara ya tatu.

Sasa nikuambie lile ambalo Hollis hakukuambia, kwa sababu hakuliona. Na mimi nilicheka. Walinigeukia wale walio karibu, wananijua, wanataka kuona dada mtu anasemaje. Nikacheka, nikatikisa kichwa, nikasema, "Huyo Verlin!" Kama vile ulikuwa umejificha mahali na umenichosha. Karatasi ikatupwa, likaitwa jina jingine, na chupa ya Baba ikaenda nalo.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi maradhi yangu nimeyaficha kwa kukuvisha wewe, na hii ni mara ya pili.

Ndilo nililolifuta mwezi wa nne. Jumatano ile ya 1999, niliposimama na kusema, "Tumwombee mdogo wangu Verlin, pombe imemshinda, jana amelala shimoni kando ya barabara." Nawe ulikuwa umekaa benchi la nyuma, ubavuni mwa Baba. Umekuja kanisani kwa mara ya kwanza mwaka ule, nami sikugeuza hata shingo kutazama ni nani aliyeingia. Niliposikia mlango unafungwa ndipo nikageuka. Uliondoka wiki ile ile. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikisema nilifanya kwa upendo. Upendo ulikuwepo. Lakini nilipenda pia walivyoniitikia, "Pole, Dada Oleta. Una mzigo mzito, Dada Oleta."

Baba hakunisemesha siku ishirini. Siku ya ishirini na moja akasema, "Ungemwambia Mungu peke yake, binti yangu. Ana masikio." Hilo sijawahi kumwambia mtu.

Sikuombi unijibu.

Oleta

*

Tanner's Fork
1 Novemba 2018

Verlin,

Wiki tatu natembea mpaka sanduku la barua na kurudi. Mwenye kuleta barua ameanza kunionea huruma, juzi ameniambia, "Leo matangazo tu, Bi Oleta," kabla sijauliza.

Nakuandikia kwa sababu haki ya kusikia kwanza ni yako, nisingependa Hollis akutangulie tena. Jana ilikuwa Jumatano. Mchungaji aliuliza kama kawaida, nani ana jambo la kuombewa. Nikasimama pale pale niliposimama mwaka ule.

Nikasema: "Ninalo moja, na ni langu mwenyewe. Mwezi wa tisa nilikwenda kwa Ramona kutafuta wiski. Nikaona haya kuandika jina langu, nikaandika la ndugu yangu. Likaitwa, mkamcheka. Baadhi yenu mlikuwepo. Nami nikacheka. Verlin hakuwa na habari wala kosa. Na mwaka 1999 nilisimama hapa nikamwanika mbele yenu bila ruhusa yake. Naomba mniombee mimi."

Nikakaa. Hakuna aliyesema "Pole, Dada Oleta." Shemasi Estill alikuwa anatazama kitabu chake cha nyimbo, na kitabu kilikuwa kimegeuka chini juu. Mwishowe Mchungaji akasema, "Bwana amesikia," akaanzisha wimbo, na sauti zilikuwa chache.

Jumapili hii darasa la watoto atafundisha mwingine. Wamesema ni kwa muda, nipumzike. Nimewaelewa.

Sikusema kwa nini niliitafuta chupa. Hiyo ni yako.

Oleta

*

Alder Creek
12 Novemba 2018

Dada yangu,

Theluji imerudi, mbwa hataki kutoka nje. Goti limeanza tena, na safari hii usiliombee, nimelizoea.

Barua zako mbili nimezisoma mara nyingi mpaka zimelegea kwenye mikunjo. Ya kwanza ilinikasirisha mpaka nikapasua kuni za majira mawili. Ya pili nimeiweka ndani ya Biblia ya Mama, na ndiyo, ninayo, niliichukua siku ile nilipoondoka, mlidhani imepotea.

Nikuambie na yangu. Mimi sinywi. Miaka saba mwezi huu, hata bia. Ndiyo maana sikuweza kuonja. Kijiko kimoja kwako ni kijiko, kwangu ni mlango.

Sikukuambia kwa sababu nilikuogopa. Niliogopa utasimama kanisani ukashukuru.

La pili. Mlinisubiri kwenye mazishi ya Baba, mkaambiwa ndege iliahirishwa. Hakukuwa na ndege. Nilikuja kwa gari, siku tatu, nikafika mpaka nyumba ya wageni ya barabarani, maili kumi na mbili kutoka kwenu. Nikanunua chupa ili nipate ujasiri wa kuingia lile kanisa. Nilizinduka kesho yake jioni, mkiwa mmeshafunika kaburi. Nikageuza gari. Chupa yenyewe ilikuwa na lebo ya kiwanda cha Baba.

Kwa hiyo unaona. Kitu cha mwisho alichokiweka duniani mikono yake ikiwa na nguvu ni yale mapipa, na mimi ndiye mtu mmoja asiyeweza kuyaonja. Nikafikiri, nina dada mwenye ulimi safi. Wenye midomo iliyozoea wangeniambia mambo ya karamu tu. Wewe ungeniambia kweli, hata kama ni baya. Hasa kama ni baya.

Imekosekana, basi. Si kitu. Nilitaka ujue nilichokuwa nakuomba.

Verlin wako

*

Tanner's Fork
23 Novemba 2018

Verlin, mdogo wangu wa tumbo moja,

Jana ilikuwa Siku ya Shukrani na nyumba ilijaa. Bata mzinga alikauka kidogo, mkate wa mahindi ukaokoa meza. Paa limezibwa, mkwe wangu alipanda. Sukari usiulize.

Haikukosekana.

Jumamosi baada ya ile Jumatano, mtu aligonga mlango wa nyuma. Nikafungua, Shemasi Estill, kofia mkononi. Alikuwa na kikopo cha kioo cha jemu, kimefungwa kwa karatasi ya ratiba ya ibada. Akanipa. Nikauliza, "Ni nini hiki, Shemasi?" Akatazama kiatu. Akasema, "Baada ya Verlin niliitwa mimi, Oleta. Nililisikia jina langu nikalikimbilia mbio, na wakati wanacheka sikusema neno." Kisha akavaa kofia, na hakutaka hata kahawa.

Ndani mlikuwa na kitu chenye rangi ya senti mpya ya shaba, kimo cha vidole viwili. Nikakificha kabatini nyuma ya siki. Sikuona kama nina haki nacho mpaka uniandikie. Barua yako ilifika Jumatatu. Niliisoma, nikalia nilivyolia, nikaosha uso, nikaomba, nikachukua kijiko.

Sasa sikiliza, nitasema kweli.

Mkupuo wa kwanza ulinichoma. Nilikohoa, macho yakatoka machozi, nikasema hawa watu wana wazimu, wanalala nje kwa ajili ya hii? Nikasubiri. Wa pili nikautafuna kama ulivyoniagiza. Mwanzo ni tamu, mahindi yaliyoungulia kidogo chini ya sufuria. Halafu inakuja rai, nadhani ndiyo rai, inapita katikati ya ulimi kama pilipili manga, na karafuu, na ganda la mkate mweusi, na kitu baridi kama jani la mnanaa ulilolivunja kwa kidole. Inauma, lakini haikutukani. Ikashuka, na kifua kikapata joto taratibu, kama mtu amenikumbatia kwa nyuma bila kusema yeye ni nani.

Nikafungua mdomo kuvuta pumzi. Ndipo nikamjua.

Verlin, ni lile koti. Ni lile koti la kibarazani! Mbao, vumbi, jasho, mvua iliyokaukia kwenye turubai. Nikiwa na miaka sita nilikuwa nakimbilia kumpokea pale kwenye ngazi, natia uso wangu humo kabla Mama hajaniita nitoke. Nilikuwa nimesahau kwamba niliipenda harufu ile. Nilifundishwa kuionea haya, nikafundishika. Nimekaa kwenye meza ya Mama na kijiko mkononi nikamwomba Baba msamaha, kwa sauti, jikoni, mimi peke yangu.

Ndiyo ladha yake. Sijui kama ndivyo wanavyoiandika wenye kujua. Vijiko viwili, basi. Kilichobaki nilikimwaga kwenye ngazi za kibarazani, chini ya ule msumari. Msumari bado upo.

Lililobaki ni hili. Juzi ilikuwa Jumatano ya mkesha wa Shukrani. Unajua ilivyo, kila mtu anasimama na kusema Mungu amemtendea nini mwaka huu. Mmoja ameshukuru kwa mgongo wa Mchungaji, mwingine kwa trekta. Mchungaji akatazama upande wangu, akangoja. Na mimi nilikuwa na shukrani kubwa kuliko zote mle ndani. Miaka saba, Verlin. Ilikuwa imejaa kinywani mpaka kwenye meno. Ingeninyanyua kutoka benchi la aibu mpaka benchi la mbele kwa sentensi moja, nami nililijua hilo, na ndilo lililonitisha.

Sikusimama.

Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, mahali pa Baba. Nikainamisha kichwa nikamwambia Mungu peke yake. Ana masikio.

Shuka nimezibadilisha tena.

Dada yako,
Oleta